Mlima wa Shela ni wa Mchanga

Cape Town ina mlima wake wa mawe. Shela, kijiji kilicho ncha ya kisiwa cha Lamu, kina mchanga. Ukitafuta Lamu kwenye Instagram utakutana nao tu: ufuo wa kilomita kama 12, nyumba nyeupe zilizobanana, na nyuma yake vilima vya mchanga ambavyo wageni huvipanda jioni kupiga picha. Picha ni nzuri, sikatai. Lakini vilima vile si mapambo. Vimebeba vita, na vimebeba maji. Anayejua hayo mawili anaijua Shela zaidi ya aliyelala hotelini wiki nzima.

Hadithi yenyewe inaanzia ng'ambo ya mkondo, kwenye kisiwa cha Manda. Huko yako magofu ya Takwa, mji ulioshamiri kati ya karne ya 15 na ya 17. Msikiti wake bado umesimama kiasi cha kukufanya ushushe sauti, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye nguzo ndefu. Kisha watu wakauacha mji. Wengine wanasema ni ugomvi na Pate. Wengine wanasema visima vilianza kutoa maji ya chumvi. Masimulizi ya Shela yanasema waliovuka kutoka Takwa ndio waliojenga hapa, na watu wa Shela wameendelea kuvuka kwenda kwenye kaburi lile kuomba dua ya mvua. Yaani wanaomba maji mahali ambapo, kwa mujibu wa simulizi moja, maji ndiyo yaliyowafukuza wazee wao.

Halafu ikaja vita. Kati ya mwaka 1812 na 1814, Mazrui wa Mombasa wakaungana na Pate kuja kuitia Lamu adabu. Kabla ya mapanga kulikuwa na mashairi: Muyaka bin Haji upande wa Mombasa, Zahidi Mngumi upande wa Lamu, wakirushiana maneno kama wasanii wa kufokafoka wa leo, ila hapa aliyeshindwa hakupoteza mashabiki tu. Majeshi yaliteremka Shela. Watu wa Lamu wakawatimua hadi ufuoni, na huko wavamizi wakakuta maji yamekupwa na vyombo vyao vimekaa juu ya mchanga. Hapakuwa na pa kukimbilia. Kwa miaka mingi baadaye, wanasimulia watu, upepo ukivuma sana vilima vilifunua mifupa.

Lamu ilishinda, lakini ushindi ule ulikuwa na bei. Kwa kuhofia Mombasa isirudi kulipiza, wakubwa wa mji walimwomba ulinzi Seyyid Said wa Oman. Akawaletea askari na liwali. Ngome iliyopo mjini ilikamilika karibu mwaka 1821, na baadaye ikawa jela hadi miaka ya 1980. Mombasa nayo ilianguka mikononi mwa Seyyid mwaka 1837. Kwa hiyo aliyeshinda na aliyeshindwa wote waliishia chini ya bwana mmoja. Ukisikia mtu anasema historia ya pwani ni ya jahazi na karafuu tu, mwambie apande kilima cha Shela kwanza.

Sasa maji. Mvua ikinyesha kwenye vilima haitiririki kwenda baharini. Mchanga unainywa, inashuka polepole, inachujwa, kisha inatulia chini. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini. Visima vya Shela vinachota kwenye tabaka hilo, na ndivyo vinavyounywesha mji wa Lamu, umbali wa kama kilomita tatu. Ukichota kuliko mvua inavyorudisha, chumvi inapanda. Ukijenga juu ya kilima ukakigandamiza kwa saruji, mvua inakosa pa kuingilia. Choo kikivuja hapo juu, kitakachoshuka chini si mvua peke yake. Hakuna uchawi hapo.

Hoteli maarufu ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967. Zikafuata nyumba za wageni, kisha wageni wenye fedha wakanunua nyumba zao wenyewe, na mwaka 2001 UNESCO ikauweka Mji Mkongwe wa Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia. Fedha hizo si za kubezwa. Fundi wa kuchonga milango anakula, nahodha anakula, mama wa mahamri anakula. Tatizo ni kwamba kila mtu anataka mandhari, na mandhari bora iko juu, mchangani. Watu wa uhifadhi wameonya mara kadhaa kuhusu ujenzi unaovamia vilima. Bwawa la kuogelea la nyumba inayokaliwa wiki chache kwa mwaka linachota chini kulekule anakochota mtu anayetia udhu kila siku.

Mji Mkongwe una kuta za matumbawe zilizoandikwa, kupimwa na kulindwa. Mchanga hauna nakshi wala mlango wa kuchonga, ndiyo maana ni rahisi kuuona kama uwanja mtupu unaosubiri mwenyewe. Lakini nyumba ya mawe ikibomoka, fundi atapatikana. Kisima kikigeuka chumvi, fundi wake ni nani? Takwa walikuwa na msikiti, ukuta na makaburi ya fahari, na vyote vipo hadi leo. Wasiokuwepo ni watu.

Kwa hiyo ukienda Shela, panda kilima, piga picha yako. Halafu ukishuka na kuletewa glasi ya maji, uliza yametoka wapi. Wenyeji watakuonyesha kwa kidole, palepale ulipokuwa umesimama.