Nyimbo za Wasumbwa zilizohamia Katanga

Anayetafuta nyimbo ndefu za historia ya Wasumbwa asiishie Masumbwe, kwao nchini Tanzania. Avuke Ziwa Tanganyika, ashuke hadi Bunkeya, katika Katanga ya Kongo. Huko wazao wa Wasumbwa wanaitwa Bayeke, na safari ya babu zao ingali inaimbwa.

Masumbwe ya leo ni mji wa malori na dhahabu, ndani ya Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa Shinyanga. Katika karne ya 19, biashara iliyowatoa vijana nyumbani ilikuwa shaba. Msumbwa mmoja, Kalasa, alikuwa akienda Katanga kuinunua. Mwanawe Ngelengwa alifuata njia ileile, ila hakurudi. Alibaki, akaoa, akapigana, akajenga Bunkeya na kutawala nchi iliyoitwa Garenganze. Dunia inamjua kwa jina la Msiri.

Utawala wake ulisimama juu ya shaba, pembe za ndovu, bunduki na watumwa. Nyimbo za Bayeke zinamtukuza, na sishangai: nyimbo za namna hii hutungwa na upande wa mfalme. Wasanga, wenyeji wa Katanga waliochoka naye wakamwasi, wasingemwimba hivyo.

Mwaka 1891 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikuwa akiitaka Katanga, na Waingereza nao waliitolea macho. Msafara wa Kapteni William Stairs, Mkanada aliyetumwa kwa niaba ya Leopold, uliondoka pwani, ukapita Tabora, jirani na nchi alikotoka Kalasa, ukaingia Bunkeya mwezi Desemba. Msiri aligoma kupandisha bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba Kapteni Omer Bodson alitumwa kumkamata. Maneno yakawa makali, Msiri akachomoa upanga, Bodson akampiga risasi na kumuua. Mtu wa Msiri naye akampiga Bodson risasi, na Bodson akafa. Simulizi za Bayeke zinashikilia kwamba kichwa cha mfalme kilikatwa na kuchukuliwa. Stairs mwenyewe hakufika kwao: alikufa kwa homa huko Chinde, Msumbiji, Juni 1892.

Kisa kama hiki ndicho chakula cha wimbo wa masimulizi. Pwani, kingetungiwa utenzi. Hemedi bin Abdallah wa Tanga alifanya hivyo kwa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vya mwaka 1888: beti za mistari minne, vina vitatu vinavyobadilika kila ubeti na kimoja kinachodumu hadi mwisho, vyote kwenye karatasi kwa herufi za Kiarabu. Bara, kazi hiyo ilibebwa na koo na ngoma. Mwimbishaji anatupa mstari, kundi linaitikia, naye anapata pumzi ya kukumbuka jina linalofuata. Kiitikio kikikaa sawa, hata asiyejua kisa anashiriki, na baada ya misimu kadhaa anakijua. Mtungaji wa aina hii haelezi kila kitu. Anataja mto, jina la shujaa na tusi alilotupiwa adui, kisha anaruka hadi kwenye kifo, maana wasikilizaji wanajua yaliyo katikati.

Koo nazo huzeeka. Wengi wa Bunkeya wakawa wanaongea Kisanga na Kiswahili, na lugha ya kale ya Wasumbwa ikabaki zaidi katika nyimbo na sherehe. Ndipo Mwami, yaani mfalme, Antoine Munongo, mjukuu wa Msiri, alipozikusanya nyimbo za kihistoria za Bayeke na kuzichapisha mwaka 1967 pamoja na tafsiri ya Kifaransa. Bila kazi hiyo, mtafiti wa leo angekuwa na shajara za wazungu wa msafara wa Stairs na kidogo sana cha upande wa pili.

Mtoto mwingine wa Bunkeya alishika gitaa. Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 na kujiita Mwenda wa Bayeke, alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Aliimba kwa Kiswahili, vidole viwili tu vikizichapa nyuzi, na wimbo wake “Masanga” ukafika mbali kuliko misafara yote ya shaba. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikaa Nairobi kwa miezi kadhaa, akisikika redioni akitangaza vidonge vya Aspro. Sijui Msiri angesemaje, lakini mfanyabiashara yule nadhani kwanza angeuliza bei.