Matairi ya asili ya magari ya kale ya magurudumu manne: kipi kirudishwe, kipi kiachwe

Gari linalotoka Kamembe, wilayani Rusizi, kuelekea Huye hupanda msitu wa Nyungwe, ambako barabara hupita zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na lami huwa na maji sehemu kubwa ya mwaka. Likielekea kusini hushuka hadi uwanda wa Bugarama wenye joto, karibu na Mto Rusizi, mahali pa chini kabisa nchini Rwanda, takriban mita 950. Ni safari ngumu kwa tairi lolote, na ni ngumu zaidi kwa matairi ya Land Rover na Land Cruiser za kale, ambazo wenyewe wengine huzihifadhi kama urithi na wengine bado huzitegemea kwa kazi. Mwenye gari la namna hiyo, akishamaliza injini na rangi, hujiuliza iwapo alirudishie matairi lililotoka nayo kiwandani. Kipimo cha asili kinastahili kurudishwa. Mpira wenyewe wa miaka 30 au 40 haufai barabarani, hata kama meno yake bado ni marefu.

Matairi hayo husomwa tofauti na ya leo. Maandishi 6.00-16 ubavuni yana maana ya upana wa inchi 6 na rimu yenye kipenyo cha inchi 16. Kimo cha ubavu hakiandikwi kwa sababu kinakaribiana na upana wenyewe. Kistari kilicho katikati huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mshazari, tabaka moja likikatiza jingine. Herufi R mahali pa kistari, kama katika 7.50R16, huonyesha tairi la radiali, ambalo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo na juu yake kuna mikanda ya kulikaza. Michelin ya Ufaransa iliomba hataza ya ubunifu huo mwaka 1946. Herufi PR hutaja uwezo wa kubeba mzigo. Zamani zilihesabu matabaka halisi ya nyuzi, leo ni kipimo cha nguvu tu.

Jeep ya Vita Vikuu vya Pili, iliyoundwa na Willys na Ford kwa idadi inayozidi 600,000, ilivaa 6.00-16 yenye meno yasiyoelekea upande mmoja, ili ishike tope sawasawa ikienda mbele au ikirudi nyuma. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, ilichukua kipimo hichohicho, na ndivyo ilivyokuwa hata kwa zile zilizoundwa kwa leseni na kampuni ya Minerva nchini Ubelgiji kuanzia 1952. Land Rover ndefu ya inchi 109 ilihitaji tairi kubwa zaidi, 7.50-16. Range Rover ya 1970 ilivunja desturi kwa kutoka kiwandani na radiali za Michelin za kipimo cha 205R16. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza 1984 na kuzoeleka sana Bukavu na Cyangugu wakati wa shughuli za misaada za 1994, zinajulikana kwa 7.50R16 yenye tyubu. Kipimo hicho bado kinatengenezwa, na hiyo ni nafuu kubwa kwa wenye magari hayo. 6.00-16 nayo hutoka katika viwanda vichache vya Asia na Marekani, na huenda ikabidi iagizwe.

Katika ukanda huu neno «asili» lina utata wake. Land Rover iliyoletwa na matairi ya Kiingereza haikukaa nayo muda mrefu, maana barabara za mawe ziliyamaliza. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na kiwanda cha Firestone jijini Nairobi, ambacho baadaye kilikuwa cha Sameer Africa na kutoa matairi ya Yana hadi uzalishaji uliposimama 2016, na kingine cha General Tyre mjini Arusha, ambacho nacho kilikwisha kufungwa. Kwa gari lililoishi maisha yake yote katika Maziwa Makuu, tairi la Arusha ni sehemu ya historia yake sawa na lile la Uingereza.

Kipimo kina umuhimu kuliko chapa. Tofauti ya kipenyo kati ya 6.00-16 na 7.50-16 ni kama sentimita 8. Anayefunga kubwa mahali pa ndogo hulifanya gari liwe zito kupanda, na mshale wa mwendo ukionyesha kilomita 60 kwa saa gari huwa linakwenda karibu 66. Hatari zaidi ni kuchanganya. Magari mengi ya kale hayana difu ya katikati, hivyo gia ya mbele inapoingizwa, ekseli mbili hulazimika kuzunguka kwa kasi moja. Matairi ya mbele na nyuma yakiwa na vipenyo tofauti, mashine huvutana zenyewe hadi kitu kikatike. Radiali na tairi la mshazari pia visikae kwenye ekseli moja, kwa kuwa hupinda tofauti kwenye kona. Wengine hutumia 235/85R16, ambayo kipenyo chake kinakaribia sana kile cha 7.50R16, lakini huhitaji rimu yenye upana wa angalau inchi 6, na nyingi za zamani zina 5.5.

Kuhusu umri, mpira hukauka hata gari likiwa limeegeshwa. Mnunuzi wa Kamembe au Bukavu asidanganywe na weusi unaong'aa, atafute tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu zikiwa tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya 2000. Michelin hupendekeza tairi libadilishwe likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama halijachakaa. Nyufa nyembamba ubavuni ni sababu tosha ya kulitoa. Ayapendaye sana matairi yake ya kiwandani anaweza kuyahifadhi gizani, mbali na joto, na kuyafunga siku ya maonyesho tu.

Rimu za asili nazo zina hatari yake. Nyingi za Jeep ni nusu mbili zilizounganishwa kwa nati, na za Land Cruiser hushikwa kwa pete ya chuma. Ikiwa na kutu au haikukaa sawa, pete hiyo huweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kuua. Fundi wa pancha aishe upepo wote kwanza kwa kutoa sindano ya vali kabla ya kugusa nati au pete, asugue kutu, abadilishe tyubu pamoja na mpira unaoitenganisha na rimu, kisha ajaze gurudumu likiwa ndani ya kizimba cha chuma, naye akiwa amesimama kando mwisho wa mpira mrefu wa pampu.