Kabambare: mji mdogo wenye historia kubwa

Kabambare ni makao makuu ya teritware ya jina hilo, kusini mwa jimbo la Maniema. Ni moja ya teritware saba za jimbo. Wenyeji wengi ni Babangubangu na Babuyu. Ni mji mdogo, lakini jina lake limeandikwa katika vitabu vya inchi nyingi tangu zaidi ya miaka 150.

Sababu ni njia. Misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ilitoka Zanzibar, ikapita Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, kisha ikaelekea Kasongo na Nyangwe kwenye Lualaba. Kabambare ilikuwa kituo cha kupumzika na kununua chakula. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa pia.

Livingstone na vidonda vya miguu

Mzungu David Livingstone alifika Septemba 1869. Aliandika jina la mji kama Bambarre. Alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile, akidhani kwamba Lualaba inaelekea huko. Julai 1870 alirudi hapo na vidonda vibaya miguuni. Kwa siku 80 hivi hakuweza kutembea. Dawa iliyomsaidia ilikuwa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa na maji juu ya jiwe na kupakwa kwa unyoya. Karatasi ilipomwishia, aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya matunda.

Aliondoka Februari 1871. Tarehe 15 Julai mwaka huo, akiwa Nyangwe, aliona watu wa wafanyabiashara wakipiga risasi sokoni. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Habari hiyo ilisaidia kuisukuma Uingereza kumlazimisha Sultani wa Zanzibar afunge soko la watumwa mwaka wa 1873.

Stanley naye alipita Kabambare Oktoba 1876, kabla ya kukutana na Tippu Tip.

Vita vya kugombania mji

Waarabu walipopigana na majeshi ya mfalme Leopold II, Kabambare haikuachwa. Kasongo ilianguka Aprili 1893. Oktoba, Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliuawa katika mapigano karibu na mto Luama. Januari 1894 Kabambare ikachukuliwa na majeshi ya Leopold. Lakini Novemba 1898 askari weusi walioasi jeshi hilo hilo waliuteka mji. Kwa raia, kila jeshi lilikuja na madai yale yale: chakula na wapagazi.

Vya kuona leo

Mgeni anayefika ataona kwanza mto Luama, unaotoka milima ya mashariki na kuingia Lualaba. Njia ya zamani ya misafara ni kitu cha pili: sehemu zake zinafuatwa mpaka leo na watu wa pikipiki na wa miguu. Kitu cha tatu hakishikwi kwa mkono. Ni Kingwana, Kiswahili cha Maniema, pamoja na dini ya Islamu na kilimo cha mpunga. Vyote hivyo vilienea kwa njia ile ile ya misafara.

Teritware ina dhahabu pia, hasa Namoya, upande wa Salamabila. Kampuni ya Banro ilianza kutoa dhahabu kwa biashara huko mwaka wa 2016. Dhahabu hiyo imeleta kazi, lakini pia ugomvi wa ardhi na vikundi vyenye silaha, na familia nyingi zimekimbia vijiji.

Ndiyo maana utalii unabaki ndoto. Bila barabara na usalama, hakuna mgeni. Lakini kuna kazi isiyongoja barabara. Daftari nyingi za Livingstone zimehifadhiwa Uskoti, na yeyote anaweza kuzisoma kwa intaneti. Hadithi za wazee wa Kabambare ju ya misafara, ya wapagazi na ya waasi wa 1898 hazina sanduku la kuhifadhiwa. Mzee akifa bila kuulizwa, habari inaenda naye. Mwalimu ao kijana mwenye telefone anaweza kuanza leo: kukaa na babu ao nyanya, kuuliza, na kurekodi.