Mizizi ya meno na mifereji yake

Mzizi wa jino ni sehemu iliyozama katika mfupa wa taya. Ndani yake mna mfereji, au mifereji, inayopitisha mishipa ya damu na ya fahamu. Idadi na umbo la mifereji hiyo hutofautiana baina ya watu, na hata baina ya kushoto na kulia kwa kinywa kimoja. Mnamo 1984 Frank Vertucci wa Marekani aliipanga katika aina 8, na mpango wake ungali unatumika.

Kwa daktari wa meno, msumbufu mkuu ni gego la kwanza la juu. Lina mizizi 3, lakini mara nyingi mifereji 4. Wa nne, mwembamba mno, hujificha katika mzizi wa mbele upande wa shavu. Ukiachwa bila kusafishwa wakati jino linapotibiwa, usaha huweza kurudi. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi 2. Wa tatu huonekana zaidi Asia Mashariki kuliko Afrika.

Jiji la Kisumu, Kenya, lina historia yake ya meno: zamani Waluo waling'oa meno 6 ya mbele ya taya la chini, desturi iitwayo nago. Kwa wasiong'olewa, meno hayo huonekana mepesi kutibu, kumbe baadhi yana mfereji wa pili upande wa ulimi.

Eksirei ya kawaida hulaza jino zima kwenye picha bapa, mfereji mmoja ukifunika mwingine. Mkazi wa mtaa wa Kaloleni, Kisumu, anayetaka jino litibiwe badala ya kung'olewa na amwombe daktari picha ya pili, kwa pembe tofauti.