Waliobeba Mizigo



Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliporomoka katika njia ya Western Breach, Mlima Kilimanjaro. Wapandaji watatu Wamarekani walifariki. Wapagazi Watanzania walijeruhiwa, wakaokoka. Ni nani kati yetu ayajuaye majina yao?

Sisi wa Tabora hali hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika ulitoka Bagamoyo. Padre Pascal alifia njiani, Ugogo. Wenzake wakafika Unyanyembe. Jina lake tunalo. Lakini mizigo ya misafara ile ilibebwa na wapagazi, wengi wao babu zetu Wanyamwezi, na wengi waliofia njiani hatuyajui majina yao.

Wapendwa, Jumapili hii tuwaombee. Na anayetubebea mzigo leo, tumwulize jina lake.