Afya ya meno ya mbwa na paka Njombe na Makambako

Afya ya meno ya mbwa na paka ni hali ya meno, fizi na mifupa ya taya inayomwezesha mnyama kula, kujilamba na kukamata windo bila maumivu. Katika Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, mbwa hufugwa hasa kwa ulinzi wa nyumba, maduka na mashamba, na paka kwa ajili ya panya wanaovamia mahindi yaliyohifadhiwa ndani. Wanyama hawa wana kazi, na sehemu kubwa ya kazi yao hufanywa kwa mdomo. Hata hivyo mdomo huo haukaguliwi. Chanjo ya kichaa huulizwa, kupe na viroboto huonekana, dawa ya minyoo hununuliwa. Jino hukumbukwa mnyama akishasusa chakula.

Mbwa huzaliwa bila meno. Meno ya utoto huanza kuchomoza akiwa na wiki 3 hivi na hufikia 28. Ya ukubwani ni 42, na kwa kawaida huwa yametoka yote akitimiza miezi 7. Paka ana meno 26 ya utoto na 30 ya ukubwani. Wakati wa kubadilisha, chonge ya utoto mara nyingine hukataa kutoka na mpya ikaota pembeni yake. Chakula hunasa katikati, na jino la kudumu huota likiwa limepinda. Hilo la utoto ling'olewe na daktari wa mifugo, si kwa koleo la nyumbani, maana mzizi wake ni mrefu na mwembamba na hukatikia ndani.

Ugonjwa unaowasumbua zaidi ni wa fizi. Meno ya mbwa hutoboka mara chache sana yakilinganishwa na ya binadamu, na ndiyo maana wengi hudhani mdomo wake ni mzima kwa kuwa hawaoni matundu. Ukoga huanza kujijenga saa chache tu baada ya jino kusafishwa. Usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ndani ya siku chache ukawa ugaga wa njano au kahawia, hasa upande wa nje wa magego ya juu, karibu na vijia vya mate. Fizi hugeuka nyekundu, huvimba na kutoka damu ikiguswa. Ikisafishwa katika hatua hii hupona kabisa. Bakteria wakishuka chini ya fizi na kuula mfupa unaolishika jino, kilichopotea hakirudi. Ule usemi kwamba mbwa ni lazima anuke mdomo hauna ukweli: harufu ya uozo ni dalili ya ugonjwa, na mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza.

Chakula cha mbwa wengi wa mkoa huu ni ugali uliochanganywa na dagaa au mchuzi uliobaki mezani. Ugali ni laini. Haukwangui jino, na masalia yake hukaa kwenye ukingo wa fizi. Mfugaji hana haja ya kuuacha, ila ajue kwamba haumsafishi mbwa meno.

Makambako kuna jambo la ziada. Hapo barabara kuu ya kwenda Zambia hukutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni. Panapopita wasafiri na malori pana supu na nyama choma, na mbwa wa jirani hawakosi mfupa. Mfupa mgumu wa ng'ombe hupunguza ugaga kiasi, lakini huvunja jino. Linaloumia zaidi ni gego kubwa la kukatia nyama, la juu. Ubavu wake humeguka kama kibanzi cha kuni na kiini hubaki wazi. Wiki au miezi baadaye mbwa huvimba chini ya jicho. Jipu hupasuka, hukauka, kisha hurudi palepale. Mwenye mbwa hupaka dawa ya kidonda akidhani amechomwa na mwiba au amepigwa jiwe, kumbe usaha unatoka kwenye mzizi wa jino. Kipimo cha haraka ni ukucha: kitu kisichobonyea hata kidogo ukikibana kwa ukucha ni kigumu mno kwa meno ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa ina hatari nyingine, kwa kuwa hupasuka vipande vikali vinavyokwama kaakaani au kutoboa utumbo.

Paka huficha maumivu kuliko mbwa. Wengi hupata ugonjwa ambao mwili wenyewe hulila jino kuanzia shingoni, karibu na fizi, na wengine huvimba mdomo mzima kutokana na virusi na kinga ya mwili iliyovurugika. Paka wa hivi husogelea sahani kwa njaa, hung'ata mara moja, kisha hukimbia. Manyoya yake huchakaa kwa sababu ameacha kujilamba, na panya huanza kurudi ghalani.

Utunzaji wa nyumbani hauhitaji vitu vya gharama. Mtoto wa mbwa azoeshwe kuinuliwa mdomo wa juu kwa kidole gumba akiwa ametulia, sekunde chache kila siku, bila kulazimishwa. Baadaye hupigwa mswaki laini wa mtoto, au kitambaa cha pamba kilichofungwa kidoleni na kuloweshwa maji safi, ukisugua pale fizi inapokutana na jino. Upande wa nje unatosha, kwa kuwa ulimi husaidia ndani. Kila siku ni bora. Mara moja kwa mwezi haisaidii. Dawa ya meno ya binadamu isitumike: mnyama hatemi, huimeza, na baadhi zina ksailitoli, sukari mbadala ambayo ni sumu kali kwa mbwa.

Kuna mdomo usiopaswa kuguswa kabisa. Mbwa anayetokwa udenda, taya limelegea na hawezi kumeza, huonekana kama aliyekwamwa na mfupa, na huruma humtuma mtu kuingiza mkono. Kichaa cha mbwa cha kupooza huonekana hivyohivyo. Mnyama huyo afungiwe bila kushikwa na afisa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye mchubuko aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo.

Ugaga uliokwisha kuganda hauondoki kwa mswaki. Huondolewa na daktari mnyama akiwa amepewa nusukaputi, kwani kazi kubwa iko chini ya fizi. Kumkwangua akiwa macho humtisha, humjeruhi na huuacha ugonjwa ulipo. Kesi nzito zinaweza kuhitaji safari hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na ni bora kupiga simu kwanza. Wakati wa kusubiri, mnyama asipewe dawa za maumivu za watu. Panadoli humuua paka, hata kidonge kimoja. Diklofenaki na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa.

Wafugaji huogopa kung'olewa meno kuliko wanavyopaswa. Mbwa au paka aliyeondolewa meno mabovu, hata yote, hula tena fizi zikishapona, mara nyingi kwa hamu kuliko mwanzo. Ugali wake ulainishwe kwa mchuzi usio na vitunguu, dagaa wasagwe, na paka akatiwe nyama au samaki vipande vidogo visivyo na miba.