Ugwadu wa Misitu

Neno tindikali limebebeshwa mzigo mzito. Mtaani linakumbusha maji ya betri, nguo iliyotoboka na ngozi iliyoungua. Bwana misitu akimwambia mwanakijiji kwamba udongo wa chini ya misindano una tindikali, huyo atadhani umeingiwa na sumu. Kumbe zinazosemwa ni asidi dhaifu, jamaa za ndimu, ukwaju na siki, zitokazo kwenye majani yanayooza, mizizi na kuvu. Ningependa tindikali tuiachie betri. Dutu yenyewe tuiite asidi, na hali ya udongo tuiite uchachu.

Majina ya asidi hizi yalitoka kwenye matunda na wadudu. Mfamasia Carl Wilhelm Scheele, akiwa Uswidi, alitenga asidi sitriki kutoka maji ya limau mwaka 1784, na mwaka uliofuata akapata nyingine kwenye tufaha. Fomiki imetokana na jina la Kilatini la sisimizi. Kwetu yamefika kama sauti tupu, na ile ya tufaha, asidi maliki, masikioni mwa Mswahili ni asidi ya mfalme. Asidi ya tufaha ingetosha kabisa.

Neno gumu zaidi ni lile la kundi zima. Wapo wanaosema asidi hai, kwa kufuata kilimo hai, lakini asidi haina uhai, na tangu Friedrich Wöhler alipotengeneza urea maabarani mwaka 1828, imejulikana kuwa dutu za namna hii hazihitaji kiumbe ili zipatikane. Tukisema asidi za kaboni tunazichanganya na asidi ya kaboni, ile inayozaliwa pumzi ya mizizi inapoyeyuka katika maji ya udongo, nayo haimo katika kundi hili. Kwa hiyo nasimama na asidi ogani, ingawa ni neno la mkopo.

Kwa ladha, Kiswahili kina utajiri: uchachu wa maziwa yaliyolala, ugwadu wa embe bichi, ukakasi wa bibo. Huo ukakasi ni kazi ya tanini, inayong'ang'ania protini za mate hadi ulimi unakauka. Jani lenye tanini nyingi likianguka msituni hufanya vivyo hivyo: protini zake zinashikwa, vijidudu vinashindwa kuzila upesi, na jani linachelewa kuoza. Mwanafunzi aliyewahi kuuma bibo bichi ameshaielewa nusu ya somo.

Asidi nyepesi kama oksaliki na sitriki hazikai. Mara nyingi vijidudu huzimaliza ndani ya saa chache. Lakini katika muda huo hufunga chuma na alumini na kuiachilia fosforasi iliyonaswa nazo, jambo lenye thamani katika udongo mwekundu wa nchi zetu. Ufungaji huo ulipewa jina mwaka 1920 kutokana na neno la Kigiriki la gando la kaa, kwa kuwa molekuli hubana metali kwa pande mbili. Gando tunalo. Kwa nini tusiseme asidi imeitia metali gandoni?

Katika misitu ya misonobari ya Ulaya ya Kaskazini, asidi ogani zimeteremsha chuma na alumini kwa maelfu ya miaka, zikaacha tabaka la kijivu karibu na juu na la hudhurungi chini yake. Warusi wanauita udongo huo podzoli, yaani chini ya jivu. Hapo aina ya mti ina uzito mkubwa, lakini haiamui peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Mdenmarki P. E. Müller alionyesha kwamba chini ya mti uleule wa Ulaya, uitwao beech kwa Kiingereza, kunaweza kuwa na mboji mbili. Moja ni tifutifu, nyungunyungu wameichanganya na udongo. Nyingine ni chachu zaidi, imelala juu kama mkeka, imeshonwa na nyuzi za kuvu. Kidenmarki kilikuwa na maneno mawili, muld na mor, na wanasayansi wakayachukua.

Sisi tuna mboji tu. Napendekeza mboji tifu na mboji mkeka, na wanaofukua udongo wa misitu ya Usambara na Sao Hill wayajaribu kwanza kabla hayajaingia kamusini.